Imeharibika au Imeharibiwa? Mawazo Juu ya Kutengeneza Mashine Kuukuu

Wahenga walituachia methali mbili ambazo ni vigumu kuziketisha mkeka mmoja. Ya kwanza yasema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Ya pili yasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Ile ya kwanza yatukumbusha udhaifu wetu, kwamba kila kilicho kipya hutupendeza hata kama kinatuumiza. Hii ya pili yatuonya kwamba anayedharau kasoro ndogo atalipia kubwa. Katika makala haya nakusudia kuuliza swali moja linalozigusa zote mbili: je, kukitengeneza kitu kilichochakaa ni jambo la wema, au ni jambo la hesabu tu? Na kama ni la wema, wema huo ni kwa nani? Ni kwa kitu chenyewe, kwa mwenye kitu, au kwa watu wengine ambao hata hatuwataji?

Sipendi kulijibu swali hili kwa maneno matupu. Nitaomba ruhusa ya wasomaji nilijibu kwa kutumia mashine moja kuukuu ya kukatia nyasi, ambayo imenifunza mambo ambayo sikufunzwa nilipokuwa nikisomea stashahada yangu ya ualimu.

Ninaishi Naguru, mojawapo ya vilima vya Kampala, upande wa mashariki wa jiji. Kuelekea kileleni ziko nyumba za zamani zenye nyua pana. Bondeni viko vyumba vilivyobanana ambavyo ua wake ni kizingiti cha mlango. Nyasi za huku hazina subira. Mvua za Machi hadi Mei zikishika, na tena zile za Septemba hadi Novemba, paspalamu huota kwa namna ambayo ukikaa wiki mbili bila kuikata, kiatu chako hukioni. Mimi nimepanga chumba cha uani katika nyumba ya mjane mmoja ambaye sote twamwita Mama. Marehemu mumewe, ambaye sote tulimwita Mzee, alikuwa na mashine ya petroli ya kukatia nyasi, naye aliipenda kama wengine wapendavyo redio zao.

Mashine hiyo ilinyamaza mwaka 2018. Tangu hapo ilikaa ghalani chini ya magunia, na nyasi zikawa zinafyekwa na kijana mmoja wa bondeni. Huja na fyekeo lake begani mara mbili kwa mwezi, na kila ajapo hulipwa shilingi 20,000. Aprili 2024, Mama alitaka kuiuza mashine hiyo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mimi nikamsihi asiiuze. Nilimwambia kwamba ni aibu kukitupa kitu ambacho huenda kimekosa kipande kidogo tu, na kwamba nitaishughulikia mimi kwa fedha zangu. Mama akanishukuru kwa moyo huo. Wasomaji waihifadhi shukrani hiyo, maana tutairudia.

Niliifunga mashine nyuma ya bodaboda, tukashuka nayo mpaka Katwe, mahali ambapo mafundi wa Kampala wamefua, wamechomelea na kufufua vyuma kwa miaka mingi. Fundi niliyempata alikuwa mtu wa maneno machache. Kabla ya kugusa chochote aliuchomoa waya wa plagi, ili injini isije ikawaka mkono wake ukiwa kwenye kisu. Kisha akafungua kabureta. Petroli iliyokuwa imelala humo miaka sita ilikuwa imegeuka kama gundi, imeviziba vitundu vyote vyembamba. Akaisafisha, akabadilisha plagi, akamwaga oili iliyokuwa nyeusi kama lami, akaosha chujio la hewa. Akavuta kamba. Injini ikakohoa, ikapiga teke, ikanyamaza.

Akakigeuzia macho kisu. Alikisugua kwa kitambaa, akakiinua juani, akanionyesha ufa mwembamba kama unywele karibu na tundu la katikati. Nikamwomba akichomelee. Akakataa. Aliniambia kwamba kisu hicho huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Kilichochomelewa chaweza kukatika kikiwa katika mwendo, na kipande chake kikaruka mithili ya risasi. "Huu ufa hauzibwi, Mwalimu," alisema. "Nunua kisu kingine."

Nilikaa kwenye benchi lake nikiitafakari ile methali ya ufa na ukuta. Nimeifundisha darasani miaka mingi kana kwamba kila ufa unangoja kuzibwa. Kumbe upo ufa ambao kuuziba ni kuuficha tu, na atakayeumizwa nao si aliyeuziba bali ni yule atakayeisukuma mashine. Fundi yule angeweza kupokea fedha yangu, akatia weldi, akapaka rangi, nami ningeondoka nikimsifu. Kutengeneza kunakoficha ubovu ni uongo uliofanywa kwa mikono. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kila kutengeneza ni wema.

Kisu kipya kikapatikana, lakini injini ilikuwa bado inakataa. Ndipo fundi alipofungua kifuniko cha juu na kuling'oa lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini. Baina ya gurudumu hilo na mhimili wa injini hukaa kipande kidogo cha chuma laini, kifupi kuliko kidole, kinachovishikanisha viwili hivyo. Akakitoa na kukiweka katika kiganja changu. Kilikuwa kimekatika nusu. Akanieleza kwamba wenye kuunda mashine hizi hukiweka makusudi kiwe dhaifu: kisu kikigonga kitu kigumu na injini ikasimama ghafula, hicho hukatika kwanza ili mhimili wenye thamani usipinde. Kikikatika, gurudumu huhama kidogo, cheche ya plagi ikawa haiji kwa wakati wake, na injini haiwaki tena hata ukiibembeleza.

Kisha akauliza, bila kunitazama: "Nani aliyegonga jiwe?"

Ndugu wasomaji, ni mimi. Mwaka ule wa 2018 Mzee aliniomba niukate ua kwa sababu wageni walikuwa wanakuja. Karibu na mwembe nilisikia kishindo, mashine ikagutuka mikononi mwangu na kuzima. Nililiona jiwe. Nililitoa, nikalitupa nje ya ua, nikaisukuma mashine mpaka ghalani. Mzee aliporudi nilimwambia maneno mawili: "Mashine imeharibika."

Sikusema uongo. Hilo ndilo jambo ambalo mimi, mwalimu wa lugha, sina budi kuliangalia kwa makini. Kila mmoja wetu huwafundisha wanafunzi tofauti iliyopo kati ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Tukisema "mashine imeharibiwa", sikio husubiri neno "na": na nani? Tukisema "mashine imeharibika", sentensi imetimia. Haimsubiri mtu yeyote. Glasi imevunjika, fedha zimepotea, chakula kimeungua, mtihani umevuja. Kauli hii ni sehemu ya utajiri wa Kiswahili, nayo ina mahali pake pa haki, kwa kuwa yako mambo mengi yanayotokea pasipo mkono wa mtu. Lakini pia ni ghala lenye giza, ambamo mtu aweza kuisukumia mashine ya mwenzake na kufunga mlango.

Upande wa kutengeneza hatuna ghala kama hilo. Ni kweli twasema "mambo yametengenea", yaani yamekaa sawa. Lakini hakuna aliyepata kuingia ghalani asubuhi na kusema kwamba mashine imetengenea yenyewe usiku. Mashine hutengenezwa, na hutengenezwa na mtu: mtu aliyeinama, aliyechafuka mikono, aliyetumia siku yake. Tena Kiswahili hutumia neno hilohilo, kutengeneza, kwa anayekiunda kitu kwa mara ya kwanza na kwa anayekirudishia uzima. Naona kuna hekima katika jambo hilo. Anayetengeneza kitu kibovu hana budi kukielewa kama alivyokielewa aliyekiunda. Na kuelewa huko ndiko kulikomfikisha yule fundi, hatua kwa hatua, mpaka kwenye jiwe langu. Alikuwa akitafuta kwa nini injini haiwaki, akanikuta mimi.

Gharama zote zilifika shilingi 140,000. Nililipa, nikarudi Naguru, na jioni ile nikamweleza Mama habari yote, pamoja na jiwe. Nilitazamia kwamba atakasirika, au atacheka. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema: "Unajua Mzee alisemaje, Mwalimu? Alisema ni kosa lake, kwamba kwa uvivu wake hakubadilisha oili. Kila alipopita mlangoni pa ghala alikuwa akisema, 'Ile nimeiua mwenyewe.'"

Mzee alifariki mwaka 2021.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba lawama tuliyoikatia mtenda wake haipotei. Hutangatanga ikitafuta mahali pa kukaa, na mara nyingi hukaa juu ya mtu mwenye dhamiri kali kuliko yetu. Mzee hakuwa na kosa lolote. Oili nyeusi haikuizima ile injini. Ni jiwe, na mkono wangu, na zaidi ya hayo ni lile neno langu moja lililokuwa sahihi kisarufi. Kwa mashine nilipata kabureta safi, plagi, kisu na kipande kipya cha chuma laini. Kwa Mzee hakuna kipuri. Na ile shukrani ya Mama niliyowaomba wasomaji waihifadhi haikuwa haki yangu. Nilishukuriwa kama mfadhili ilhali nilikuwa mdeni.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba sasa jibu limepatikana: kutengeneza ni kulipa deni, na aliyelipa amemaliza. Nami ningependa iwe hivyo. Lakini asubuhi iliyofuata alifika yule kijana wa bondeni na fyekeo lake, akaiona mashine imesimama uani, imepanguswa. Aliitazama, akaniuliza, "Mwalimu, hiyo itaweza kupita kwenye mtaro?" Nikamjibu kwamba haiwezi, mitaroni, kando ya ua na kwenye mteremko bado fyekeo latakiwa. Akasema, "Basi nusu ya kazi ipo." Hakulalamika. Alikuwa anapiga hesabu.

Kumbukeni kwamba kazi ya kijana huyo ilizaliwa na kosa langu. Kama nisingeligonga jiwe, asingeajiriwa. Kwa miaka sita shilingi 40,000 za kila mwezi zilikuwa zinaingia katika nyumba moja ya bondeni kwa sababu ya kipande cha chuma kilichokatika. Mimi, katika kuirekebisha dhambi yangu ya zamani, nilikuwa karibu kuutoboa mfuko wake, wala sikumfikiria hata mara moja nilipokuwa nikimsihi Mama juu ya aibu ya kutupa vitu. Niliionea huruma mashine kabla sijamwonea huruma mtu.

Swali hili ni la zamani kama mashine yenyewe. Aliyeivumbua mashine ya kukatia nyasi ni Mwingereza mmoja, Edwin Budding, wa karibu na Stroud, mji uliojulikana kwa viwanda vya nguo za sufu. Wazo lake alilipata katika mashine iliyokuwa ikinyoa nyuzinyuzi zilizochomoza juu ya kitambaa, akaona kwamba chombo kinachonyoa sufu chaweza kunyoa nyasi pia. Hati ya uvumbuzi wake ni ya mwaka 1830. Kabla ya hapo, nyua za matajiri wa Uingereza zilikatwa na wanaume waliopanga safu wakiwa na mafyekeo marefu alfajiri, nyasi zikiwa bado na umande. Mashine ilipokuja, kazi ya watu wengi ikawa ya mtu mmoja. Wahenga wetu walisema kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Lakini hapa nyasi hukatwa tu na kuota tena, anayeumia ni mkata nyasi.

Kwa upande mwingine, wako wanaotuambia kwamba kutengeneza vitu ni fadhila isiyo na shaka, na hoja zao si za kupuuza. Dunia imechoka na taka. Ufaransa, tangu Januari 2021, iliwataka wauzaji wa vifaa kadhaa waonyeshe alama, kuanzia sifuri hadi kumi, ya urahisi wa kifaa kutengenezeka kikiharibika. Na miongoni mwa vifaa vya kwanza kabisa vilivyoamriwa hivyo, pamoja na simu na televisheni, zilikuwa mashine za umeme za kukatia nyasi. Naisifu sheria hiyo. Inamnyima mtengenezaji nafasi ya kuuza kitu kisichofunguka kisha akasema, "Kimeharibika." Hata hivyo alama ile inapima kifaa tu. Haipimi ni nani aliyelivurumishia jiwe, wala ni nani atakayekosa ujira kifaa kikipona.

Hata kilima chetu cha Naguru kimepata kuulizwa swali la kutengeneza au kutupa. Katika ardhi ya Nakawa na Naguru kulikuwa na mitaa ya nyumba za wafanyakazi zilizojengwa wakati wa ukoloni. Mwaka 2011 wakazi waliondolewa na nyumba zikabomolewa ili ujengwe mji mpya, na kwa miaka mingi baada ya hapo sehemu kubwa ya ardhi ile ilikaa bila majengo. Sidai kwamba kila nyumba ya mitaa ile ingeweza kutengenezwa; nimekwisha kusema kwamba upo ufa usiozibika. Nakumbuka tu jinsi tulivyokuwa tukizungumza. Tulisema, "zimechakaa." Hatukuuliza zilichakaa mikononi mwa nani, wala ni nani atakayelala wapi. Kitenzi kisichodai mtenda kilitutosha, sisi tuliokuwa na mahali pa kulala.

Tukirudi sasa kwenye swali tuliloanza nalo, naona jibu lake ni hili. Kutengeneza kitu kikuukuu si wema kwa chenyewe, wala si hesabu tu. Huwa wema pale anayetengeneza anapokubali kuwarudisha katika sentensi watu wote waliofutwa. Kwanza, aseme ni nani aliyeharibu, hasa ikiwa ni yeye. Pili, asifiche ubovu usiotengenezeka kwa ajili ya sifa au ujira. Tatu, atazame ni nani atakayepungukiwa kitu kikipona, na amsikilize mtu huyo kabla ya kuvuta kamba ya injini. Anayeyatenda hayo matatu huenda hatimaye akaamua kukiuza kitu chake kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na bado akawa mtu mwema kuliko mimi niliyekitengeneza.

Wasomaji watataka kujua mambo yaliishaje. Mama, si mimi, ndiye aliyeamua. Alisema kijana aiendeshe mashine mwenyewe kwa ujira uleule, na mitaro aendelee kuifyeka kwa mkono. Kazi iliyokuwa ikimchukua tangu asubuhi hadi adhuhuri sasa humchukua muda mfupi. Nilimwonyesha kuchomoa waya wa plagi kabla ya kugusa kisu, kubadilisha oili, na kuutembelea ua mzima kwa miguu akiokota mawe kabla ya kuwasha. Jumamosi humwomba Mama mashine akakate nyua mbili za majirani, na petroli hununua yeye. Laiti habari ingeishia hapo. Ua mmoja kati ya hizo ulikuwa unafyekwa na kijana mwingine, ambaye sasa hana kazi hiyo. Alifika langoni kwetu kuuliza kama tunamhitaji. Hatukuwa na kazi ya kumpa, nami ndiye niliyemwambia.

Walimu wenzangu, tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, wengi wetu tumekuwa tukiulizwa lugha hii itawafaa nini watoto wetu. Hujibu kwa kutaja biashara, usalama na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Majibu hayo ni ya kweli. Mimi nimeongeza jingine dogo. Nifundishapo kauli za vitenzi, huandika ubaoni "Mashine imeharibika", kisha nawaomba wanafunzi waibadilishe sentensi hiyo iwe katika kauli ya kutenda. Mara zote hunyosha mikono na kuuliza, "Mwalimu, mtenda ni nani?" Huwaambia ukweli, kisha naandika: "Nimeiharibu mashine ya Mzee."